Udongo wa Gando: Juu ya Fundi Francis Kéré na Urithi wa Kwao

Wasomaji wetu wengi wamejenga shule kwa mikono yao wenyewe, kwa hiyo hawana haja ya kuambiwa mengi juu ya mashauri yanayotangulia kazi hiyo. Baraza likikaa, neno la kwanza ni bati, na la pili ni saruji. Akitokea mtu akataja udongo, wenziwe humcheka, ama humdhania kuwa hawatakii watoto mema. Sisi waalimu tumekuwamo katika mabaraza hayo, na baadhi yetu tulicheka pamoja na waliocheka. Kisha tukapewa darasa la saruji na bati, tukasomesha humo saa nane za mchana katika mwezi wa jua kali, watoto wakisinzia na jasho likilowesha madaftari. Ndiyo sababu twataka kunena habari za mtu mmoja aliyeutaja udongo barazani, akachekwa, naye hakunyamaza.

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso, upande wa magharibi wa Afrika. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Gando hapakuwa na shule, hivyo alipopata umri wa miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo, akawa mtoto wa kwanza wa kijiji kile kutiwa chuoni. Darasa alilokuta lilikuwa la matofali ya saruji, lenye giza na joto, na ndani yake watoto zaidi ya mia. Mwaka 1985 alipata msaada wa kwenda Ujerumani kujifunza useremala, akasoma masomo ya usiku, hata akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kujifunza kubuni majengo. Alikuwa angali mwanafunzi alipoijengea Gando shule, nayo ilimalizika mwaka 2001. Mwaka 2004 shule ile ilipewa tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo Mwafrika hakupata kuipewa kabla yake.

Watu husema sana juu ya tuzo hizo. Sisi twaona kuna habari iliyo kubwa zaidi, naye ameisimulia mwenyewe. Alipokuwa mtoto, kila likizo ilipokwisha alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaaga mama wa kijiji, na kila mama alifungua pindo la nguo yake akatoa senti yake ya mwisho, akampa. Siku moja akamwuliza mama yake sababu. Mama akamjibu ya kuwa wote wanachanga ili asome, apate kurudi kuwasaidia. Basi msomaji asiyeijua habari hiyo hataielewa kazi ya mtu huyu. Mafundi wengi waliosoma Ulaya hushika urithi wa kwao kama pambo: hutwaa umbo la ngao, au nakshi ya mkeka, wakalibandika juu ya ukuta wa saruji, wakasema hii ndiyo Afrika. Kwa Kéré urithi ulianza kuwa deni, na mwenye deni halipi kwa pambo. Sharti nyumba isimame, tena isiwachome watoto.

Tazama basi jinsi alivyolipa. Watu wa Gando waliposikia ya kuwa mwana wao aliyetoka Ujerumani atajenga kwa udongo, hawakufurahi. Udongo waliujua tangu zamani: kila masika hula kuta, na kila kiangazi mwenye nyumba hukandika upya. Hawakuwa wajinga katika neno hilo. Naye hakuwaambia waupende udongo kwa kuwa ni wa mababu, aliutengeneza udongo. Aliuchanganya na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono ukawa matofali magumu. Juu yake akaweka dari la matofali lenye nafasi za kupitisha hewa, na juu ya dari, mbali nalo, akainua paa la bati juu ya vyuma vyembamba, likatokeza mbele kama ukingo wa kofia, mvua isifikie kuta. Hewa ya moto hupanda, hupita katika nafasi za dari, hutoka chini ya bati, na hewa nyingine huingia madirishani kushika mahali pake. Vyumba vitatu vimepangwa mstari mmoja, na kati yao pana kivuli ambapo watoto hucheza na hata kusomeshwa. Bati ni lile lile tunalolilaumu. Kosa letu lilikuwa kulilaza juu ya vichwa vya watoto.

Katika kazi ile hapakuwa na mashine ya kuinulia mizigo. Watoto waliokota mawe ya msingi, na wanawake walileta maji ya kufanyia matofali. Tena iko sakafu, nayo twaipenda kuliko paa lililosifiwa na mabwana wa tuzo. Udongo ulitandazwa, kwanza wanaume wakasimama wakaupiga, kisha akina mama wakainama wakaupiga kwa saa nyingi huku wakinyunyiza maji, mwisho wakaja wenye kusugua kwa jiwe, wakasugua hata sakafu ikawa laini kama ngozi ya mtoto mchanga. Hapo fundi hakuwa na la kufundisha. Aliwapisha wenye kujua. Na kwa maktaba ya kijiji hicho aliomba vyungu: akina mama wakavileta, vikakatwa juu na chini, vikapangwa darini na saruji ikamiminwa kati yao, ili mwanga na hewa vipite matunduni. Chungu kilichopikia uji kinamwangazia msomaji kitabu chake! Mtu aweza kuliita jambo hilo pambo, lakini liondoe, na chumba kitakuwa na giza.

Walakini hatutaki kumsifu bila kupima. Nyumba ya kale ikibomoka, mwenyewe huchota udongo ulio mlangoni pake akaitengeneza, asimwombe mtu. Paa la Gando lataka bati, na chuma, na mtu ajuaye kuunga chuma kwa moto. Hivyo vyote hutoka mbali na huuzwa kwa fedha. Kwa hiyo atakayesema ya kuwa shule ile ni kazi ya udongo tu atakuwa amesema nusu ya kweli. Jibu la Kéré lilikuwa kuwafundisha vijana wa kijiji kazi hiyo. Baadaye baadhi yao waliitwa kujenga mahali pengine kwa ujira. Ni jibu jema, ingawa deni la bati halijaisha.

Mwaka 2017 alialikwa London kujenga banda la muda katika bustani ya Serpentine. Alijenga paa kubwa la mviringo kwa mfano wa mti wa Gando ambao watu hukutana chini yake, na kuta za mbao zenye rangi ya buluu, rangi ya nguo ya sikukuu huko kwao. Maji ya mvua yalishuka katikati ya paa yakaonekana na wote. Lilikuwa zuri, lakini kwetu ni kazi ndogo kuliko sakafu ile. Mti wa kijiji hukusanya watu kwa sababu chini yake mashauri hukatwa na wagomvi hupatanishwa. Mpita njia wa London alikaa kitako kidogo, akaenda zake. Hapo palikuwa na hadithi ya mti bila baraza lake.

Kazi yake nyingine iko karibu nasi zaidi, nchini Kenya, kando ya Ziwa Turkana, iliyomalizika mwaka 2021. Ni chuo ambacho vijana hujifunza kazi za kompyuta. Kimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa huko huko, na juu yake yamesimama minara mitatu mirefu kwa mfano wa vichuguu vya mchwa vya nchi ile. Hewa ya moto hutoka juu minarani, ya baridi huingia kwa matundu yaliyo chini. Twamsifu kwa kuwa hakuichukua Gando mgongoni akaitua Turkana, bali aliitazama kwanza nchi aliyoijia. Ila watu wa huko ni wafugaji, na nyumba zao za asili, za fito na makuti, hujengwa na wanawake, na huhamwa malisho yakiisha. Katika umbo la chuo kile twakiona kichuguu. Kibanda cha mama wa Kiturkana hatukioni.