Atomic 4: injini inayouawa na kukaa

Ukitafuta mashua ya tanga ya bei nafuu Marekani, hasa zile za miaka ya 1960 na 1970, usishangae kukuta Atomic 4 imejificha nyuma ya ngazi ya kushukia chumbani. Kampuni ya Universal ya Oshkosh, Wisconsin, ilianza kuitengeneza mwaka 1947 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Zilitoka zaidi ya 40,000. Ni injini ya petroli ya silinda nne, ujazo wa lita moja na kitu, nguvu za farasi 30, valvu zake zikiwa ubavuni mwa bloku badala ya juu kwenye hedi.

Muuzaji atakutajia saa ambazo injini imefanya kazi. Msikilize kwa adabu, lakini usijengee bei juu ya hesabu hiyo. Mashua ya tanga huwasha injini ili itoke gatini na kurudi, basi, kwa hiyo ni chache zinazochakaa kwa kazi. Zinazokufa huuawa na maji ya chumvi na miezi mingi ya kukaa bila kuwashwa, na mita ya saa haionyeshi lolote kati ya hayo.

Kabla ya kugusa swichi yoyote, fungua sakafu unuse ngama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo chini, na cheche moja ya stata inatosha. Kama kuna harufu, ukaguzi usimame hapo mpaka chanzo kipatikane. Angalia pia kama kabureta ina kizuia miali. Sheria ya Marekani inakidai kwa injini za ndani za petroli zilizofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940, na bado utakuta mashua ambayo mwenyewe alikivua akasahau kukirudisha. Kisha weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, mwenye mashua amekutangulia kuiwasha, nawe hutajua inavyoamka ikiwa baridi. Rudi siku nyingine.

Sasa kipimo chenye maneno mengi kuliko vyote: mgandamizo. Toa plagi zote nne, fungua kabureta wazi kabisa, zungusha kwa stata huku geji ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Injini hii haina mgandamizo mkubwa. Pauni 90 au 100 kwa inchi mraba ni afya, na muhimu zaidi ni silinda zote zikaribiane. Silinda zote zikiwa chini kidogo, tia kijiko cha oili katika kila moja upime tena: usomaji ukipanda, ringi zimechoka, usipopanda, tazama valvu. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Silinda moja ikisoma sifuri, wanunuzi wengi hukimbia. Mimi ningesogea karibu. Sifuri kwenye injini iliyokaa muda mrefu mara nyingi ni valvu ya ekzosi iliyoganda kwa kutu ikabaki wazi, na fundi mvumilivu huweza kuilegeza kwa mafuta ya kupenya na kugongagonga. Ni kasoro inayotisha muuzaji kuliko inavyostahili, kwa hiyo inashusha bei.

Tahadhari moja: wakati wa kuzungusha stata bila injini kuwaka, funga koki ya maji ya bahari. Pampu huendeshwa na injini yenyewe, inasukuma maji hadi kwenye silensa, na bila moshi wa kuyatoa nje yanajaa na kurudi kinyumenyume kupitia valvu hadi ndani ya silinda. Wapo wanunuzi walioua injini nzima siku ya kuikagua. Ikishawaka, fungua koki mara moja. Vuta pia kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yalishaingia, na swali linalobaki ni yamekaa humo muda gani.

Nyingi ya injini hizi hupoozwa na maji ya bahari yenyewe yanayopita ndani ya bloku, na humo ndimo ubovu usiotibika hujificha. Funga mashua kwa kamba imara, tia gia ya mbele, iache ivute mzigo nusu saa. Injini ya maji ya bahari yenye thamostati yake inapaswa kutulia karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Ikipanda polepole bila kusimama ilhali pampu ni nzima, njia za maji zimezibwa na kutu na chumvi. Mashua zilizoishi katika Ziwa Michigan au Ontario zina nafuu hapa kwa kuwa maji yake ni matamu, ila huko kagua nyufa: maji yaliyosahauliwa ndani ya bloku huganda wakati wa baridi na kuipasua.

Gasketi, pampu na kabureta bado zinapatikana. Bloku mpya haitengenezwi tena. Kwa hiyo valvu iliyoganda ikatwe kwenye bei, lakini mashua yenye bloku iliyooza ipigie hesabu kana kwamba haina injini kabisa, maana kufunga dizeli mpya, pamoja na tangi, ekzosi na ujira wa fundi, mara nyingi huzidi bei ya mashua yenyewe.