Tafiti za teknolojia zisiufanye utamaduni kuwa pambo

Katika miezi ya hivi karibuni nimesoma tasnifu kadhaa za uzamili ambazo hazikuandikwa na wanafunzi wa Kiswahili. Ni kazi za wanafunzi wa kompyuta, za uhandisi wa elektroniki na za mawasiliano kwa picha. Zimefika mezani pangu kwa sababu moja tu: zote zinadai kuushughulikia utamaduni wetu wa jadi. Huyu ameunda programu ya kusoma leso, yule ameitia nyatiti vihisi vya elektroniki, na mwingine amesanifu herufi zenye nakshi za milango ya Lamu.

Kwanza natoa kongole. Wapo wanaodhani kwamba mwanafunzi wa sayansi akiugusa utamaduni amepotea njia. Historia inawasuta. Mnamo 1937 kijana wa miaka 21, Claude Shannon, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani. Alichukua mantiki ya George Boole, mwanahisabati wa karne ya 19, akaonyesha kwamba ukweli na uongo katika mantiki hiyo unaweza kuwakilishwa na swichi ya umeme inayofungwa na kufunguliwa. Mitambo ya tarakilishi tunazozitumia leo imejengwa juu ya wazo hilo. Kwa hivyo, anayevuka mpaka wa taaluma yake hajapotea. Swali ni anavuka na nini mkononi, na anarudi na nini.

Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuijadili. Katika tasnifu nilizozisoma, teknolojia inauliza maswali nao utamaduni unatoa picha za kupamba ukurasa. Mtafiti huja na mtambo wake ukiwa umekamilika, halafu anatafuta kitu cha kienyeji cha kuupitishia. Utamaduni hauulizwi lolote, na kwa sababu hiyo haujibu lolote.

Tuanze na programu ya leso. Unaielekezea simu yako leso, nayo inatambua rangi, inataja maua na michoro, inasoma maandishi na kuyatafsiri kwa Kiingereza. Kuhusu herufi, mashine ile haikosei sana. Mwanafunzi ameeleza hatua zake kwa makini, na majedwali yake yamepangika. Lakini nilipofika sura ya nne nilikutana na leso ninayoifahamu, iliyoandikwa: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Programu ilitoa tafsiri kwamba mtu asisafiri kwa nyota ya rafiki yake, kisha ikaiweka leso hiyo katika kundi la "usafiri".

Msomaji, cheka, halafu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kitenzi "safiri" kikiongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea kinakuwa "safiria", yaani kusafiri kwa kukitegemea kitu. "Nyota" ni ile ya angani iliyowaongoza mabaharia usiku, na papo hapo ni bahati ya mtu, kama tunaposema kwamba fulani ana nyota ya kupendwa. "Mwenzio" anaweza kuwa jirani, rafiki, wifi au mke mwenza. Maneno matatu tu, na kila moja lina mlango wa mbele na wa nyuma. Mashine imebisha hodi mlango wa mbele, ikaondoka.

Hata hivyo, maneno ni nusu ya habari tu. Nilikulia Majengo, Mombasa, na nakumbuka siku shangazi yangu alipoletewa doti ya leso yenye maneno hayohayo na wifi yake, wiki moja baada ya kufungua genge la kuuza mahamri mkabala na la wifi huyo. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja. Hakuivaa hata siku moja. Hapakuwa na ugomvi wala matusi, lakini ujumbe ulifika. Leso ileile, mama akimpa binti yake anayeondoka nyumbani kwenda kuolewa, ingekuwa usia mwema: jitegemee, mwanangu, usiige maisha ya watu. Kwa hivyo maana ya leso haikai kwenye kitambaa peke yake. Inakaa kati ya aliyeitoa, aliyeipokea, na siku ilipotolewa.

Je, mwanafunzi wetu alizipata wapi leso zake? Anasema katika sura ya tatu kwamba alizipiga picha madukani. Zote zilikuwa mpya, zimekunjwa, zikisubiri mnunuzi. Hakuna hata moja iliyokuwa kiunoni au kichwani mwa mtu. Ni sawa na kuandika kamusi ya lugha kwa kuzungumza na mabubu.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi. Katika picha zake kulikuwamo kisutu, ile leso ya jadi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na arusi za pwani. Kisutu hicho hakikuwa na jina, yaani yale maandishi ya chini. Programu ikatoa jibu: "Hakuna ujumbe." Nyanya yeyote wa Mombasa angeshangaa kusikia hivyo. Kisutu hakihitaji maandishi kwa sababu chenyewe ni tangazo. Kwa mtu wa mawasiliano kwa picha hiyo ingekuwa hazina: kitambaa kinachosema bila herufi, katika utamaduni uliozoea vitambaa vyenye herufi. Mtafiti aliikanyaga hazina hiyo akapita.

Kazi ya pili ni ya mhandisi wa elektroniki. Aliweka vihisi vinavyonasa mtetemo kwenye nyuzi nane za nyatiti, akaviunganisha na tarakilishi ili muziki urekodiwe bila makelele. Wazo ni zuri. Tatizo ni kile alichokiita makelele. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akaigonga kwenye mbao za ala hiyo kuweka mdundo, na huvaa njuga mguuni. Kwa Mjaluo, hiyo yote ni nyatiti. Mhandisi wetu aliuita mdundo wa pete "usumbufu wa mawimbi", akaandika msimbo wa kuuchuja, kisha akajipongeza kwamba sauti iliyobaki ni safi. Ni safi kweli, ila mguu wa mwanamuziki umekatwa.

Wanafunzi hawa wangefaidika kumsoma John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, karibu na Kisangani nchini Kongo. Katika kitabu chake cha 1949, Talking Drums of Africa, alieleza jinsi Walokele walivyotumiana habari kwa ngoma za magogo. Lugha yao hutofautisha maneno kwa toni, na ngoma ina toni mbili tu, ya juu na ya chini. Maneno mengi hufanana yanapopigwa. Wapigaji ngoma walitatuaje? Hawakulipiga neno "mwezi" likiwa uchi. Waliliongezea kishazi kizima kinachousifu mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Msikilizaji aliyepotewa na neno aliokolewa na kishazi.

Mgeni angesema watu hao wanapenda maneno mengi. Carrington aliuliza kwa nini, na akagundua kwamba maneno ya ziada ndiyo yanayoulinda ujumbe usipotee njiani. Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, mnamo 1948, Shannon yuleyule alikuwa amechapisha nadharia yake ya mawasiliano, na ndani yake mna kanuni hiyohiyo kwa lugha ya hisabati: njia ikiwa na kelele, ongeza ziada ili ujumbe ufike. Walokele hawakumsoma Shannon. Walikuwa na elimu yao, na ilihitaji mtu wa kuiuliza. Mhandisi wetu wa nyatiti aliisikia ziada ileile, akaifuta.

Kazi ya tatu, ile ya herufi za Lamu, inapendeza macho. Mwanafunzi amechukua mawaridi na minyororo ya nakshi za milango akaining'iniza kwenye herufi A hadi Z. Anaziita "herufi za Waswahili". Nilipekua kurasa zote nikitafuta mstari mmoja wa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Sikuuona. Kiswahili kiliandikwa kwa hati hizo kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kutamalaki, na waandishi wa pwani walilazimika kubuni au kuazima alama za sauti kama p, ch na v ambazo Kiarabu hakina. Hata leso za awali zenye maandishi zilitumia hati hizo. Waswahili, basi, walikuwa na herufi na walikuwa na wasanifu wa herufi. Mtafiti amewapa nakshi za milango yao, akawanyima maandishi yao.

Mlinganishe na Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, msanifu aliyehitimu uzamili chuo kikuu cha Yale mnamo 1985. Yeye hakuzipaka herufi za Kirumi rangi za Kiafrika. Alizifuata hati zenyewe, zikiwemo za Wavai wa Liberia, zile za Mfalme Njoya wa Wabamum nchini Kamerun, na nsibidi ya Nijeria, akauliza zinafanyaje kazi. Kitabu chake, Afrikan Alphabets, kilitoka mnamo 2004, na huko Harare alianzisha chuo cha usanifu, ZIVA. Tofauti kati ya kazi hizi mbili haitokani na kipaji. Inatokana na swali lililoulizwa mwanzoni.

Hadi hapa nimewachapa wanafunzi. Haki inataka niugeuze mjeledi. Mwanafunzi wa leso alinijia ofisini mwaka mmoja kabla ya kuwasilisha kazi yake. Alibisha hodi, akasema, "Shikamoo, Profesa. Naomba dakika kumi. Kuna misemo ya leso siielewi." Nilikuwa na rundo la mitihani. Nikamwambia mambo ya kompyuta siyajui, aende kwa wahadhiri wake. Akasema asante, akaufunga mlango polepole. Sikumkumbuka tena mpaka nilipoketi kwenye jopo la kusikiliza utetezi wake, nikalisoma kundi lile la "usafiri". Nilimuuliza swali la kisutu mbele ya watu, naye akanyamaza. Baada ya kikao alinifuata koridoni. "Profesa," akasema, "nilikuja kwako."

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Ni rahisi kuwalaumu vijana kwamba hawaujui utamaduni. Lakini sisi wa Kiswahili tumejifungia chumbani mwetu. Tunabishana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na mjadala huo una nafasi yake, ila wakati tunaubishania mlango wa nyumba, wenzetu wameingia kwa dirishani na wanapanga viti. Mashine zinazotafsiri, zinazosikiliza na zinazoandika Kiswahili zinaundwa sasa hivi. Kila kosa tunalolinyamazia leo litakuwa kesho jibu ambalo mtoto wa shule analipata kwenye simu na kuliamini. Atakayeuliza kuhusu kisutu ataambiwa hakina ujumbe, na nyanya wa kumsahihisha hatakuwepo.

Inawezekana kufanya vyema zaidi, na mfano upo hapahapa Kenya. Mradi wa Kencorpus, ambao matokeo yake yalichapishwa mnamo 2022, uliwakutanisha wanaisimu na wanakompyuta kutoka vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene. Walikusanya maandishi yenye zaidi ya maneno milioni 5 na saa 177 za sauti katika Kiswahili, Dholuo na Luhya. Mashine haiwezi kujifunza lugha ambayo hakuna aliyeikusanya, na haiwezi kuikusanya vyema pasipo mtu anayeijua.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, tasnifu yoyote ya teknolojia inayodai kuugusa utamaduni iwe na msimamizi wa pili kutoka idara ya lugha au ya utamaduni, tangu siku ya pendekezo na si siku ya utetezi. Siku ya utetezi ni ya kuhesabu hasara. Pili, wenye ujuzi wenyewe, yaani mpiga nyatiti, fundi wa milango na mwanamke mwenye sanduku la leso, watajwe katika utafiti kama walimu. Kwa sasa wanatajwa kama "chanzo cha data", tena kwenye tanbihi.

Mwanafunzi wetu alipita, na alistahili, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa sawa. Nimemwandikia kumwomba aje tena ofisini. Nimemwahidi kumpeleka Majengo kwa shangazi, ambaye bado analo sanduku lake na ile doti ikiwa imekunjwa vilevile. Aje na simu yake na programu yake. Mara hii shangazi ndiye atakayeuliza maswali.