Tanuri Hufuata Walaji: Kosa la Kiwanda cha Mkate na Hesabu ya Mkumbara

Kiwanda cha mkate cha mitambo ya kujiendesha, kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada na kuwekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC, ndicho kipimo kizuri kuliko vyote kwa anayetaka kuelewa tanuri la mtaa linavyokua. Kinafaa kuwa kipimo kwa sababu kilikwenda kinyume hatua kwa hatua. Tanuri la mtaa huanza na walaji, ndipo unga unatafutwa, ndipo matofali yanapangwa. Kiwanda kile kilianza na mtambo, na walaji wakatarajiwa kuufuata.

Uamuzi ulipitia njia inayojulikana. NMC iliundwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya vinu vikubwa kutaifishwa. Ilikuwa na unga mkononi, ikataka na mkate. Kanada ilikuwa na fedha za msaada, ila kwa masharti ya wakati ule sehemu kubwa ya fedha hizo ilipaswa kununulia bidhaa na huduma za Kanada yenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tanuri la matofali hujengwa kwa udongo wa hapahapa na fundi mwashi wa hapahapa, halina ankara ya kulipwa ng'ambo, kwa hiyo katika msaada wa namna ile halikuwa na nafasi hata ya kufikiriwa. Aina ya fedha ilichagua aina ya tanuri. Swali la watu wa Magomeni au Temeke wanapata wapi mkate wa asubuhi, na nani anawaokea, lilikuja nyuma kabisa.

Andrew Coulson, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka hiyo, alikichambua kiwanda hicho katika kitabu cha makala za ujamaa wa Tanzania alichokihariri, kilichotoka mwaka 1979. Hoja yake haijapata jibu la kutosha mpaka leo: mkate uleule ungeokwa na matanuri madogo kwa sehemu ndogo tu ya mtaji ule, kwa fedha chache za kigeni, na kwa ajira nyingi zaidi. Haikuwa siri wakati uamuzi unafanywa. Waokaji wadogo walikuwepo mjini, wakifanya kazi kila usiku, na mkate wao uliliwa na watu walewale ambao kiwanda kilijengwa kwa ajili yao.

Linalouma zaidi ni kwamba nchi ilikuwa imekwisha kujionya yenyewe. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema bayana kuwa fedha si msingi wa maendeleo, likakemea kutegemea misaada na mikopo, likasema mkazo umewekwa mno kwenye viwanda na miji. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kwa kazi hasa ya kukuza karakana na viwanda vya ukubwa wa mtaa. Kwa hiyo katika muongo mmoja Serikali ilikuwa na mwongozo ulioandikwa, ikawa na shirika la kuutekeleza, kisha kwenye mkate, chakula cha kila siku, ikachagua njia nyingine. Kosa hili haliwezi kusingiziwa ujinga wa zama.

Upande wa ufundi kosa ni zito vilevile. Mtambo unaojiendesha, tangu kukanda hadi kufunga, gharama yake kubwa iko kwenye chuma, na chuma hakipunguzi gharama siku ambayo wateja ni wachache. Lazima uzunguke karibu na uwezo wake wote ndipo mkate mmoja utoke kwa bei nafuu. Maana yake ni kwamba lazima uchukue soko la waokaji wengine, unga usikatike, umeme usikatike, vipuri vipatikane, na magari ya kusambaza yawe barabarani kabla ya alfajiri. Likikosekana moja, yote husimama pamoja. Matanuri kumi ya mitaa hayasimami siku moja. Hata hivyo, kiwanda kina sifa moja ya kweli: mkate wa uzito mmoja uliofungwa kwa usafi.

Muongo huohuo, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao kupewa mashirika ya umma, NMC ikiwa mojawapo. Ushirika ulirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mazoea ya watu kuchangishana mtaji na kuusimamia wenyewe yalikwisha kuvunjwa mgongo. Huwezi kueleza kwa nini tanuri la mtaa lilichelewa kukua vijijini bila kuutaja mwaka 1976, na kila uchambuzi unaouruka una pengo.

Mashujaa wa mkate wa nchi hii ni waokaji wa boflo wa pwani, wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam, waliochoma kuni usiku na kumpa kijana wa baiskeli sanduku la mbao lililojaa mikate moto kabla jua halijatoka. Hawakuwa na mpango wa usambazaji ulioandikwa; walijua tu nyumba ipi inachukua mingapi na duka lipi hulipa Ijumaa. Hakuna mtambo uliofika hapa tangu wakati huo uliowapita kwa kujua walaji wao.

Mkumbara ni mahali pazuri pa kuipima hesabu hii. Ni kata ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara Magharibi, mbele ya Mombo kwa anayekwenda Same, na reli ya Tanga hadi Moshi na barabara kuu zote zinapita huko. Mkate wa kiwandani kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 300 kufika huko, na ukifika si wa leo. Mkumbara pia imewahi kuona mtambo mkubwa wa wageni: kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma, kazi ya Bleichert wa Leipzig, kuteremsha mbao za mwangati kutoka Neu-Hornow, huko Shume, hadi kituo cha reli. Ulikuwa uhandisi wa hali ya juu. Mbao zilishuka, zikapakiwa, zikaenda Tanga na ng'ambo. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya mnunuzi wa mbali haukuwa na sababu ya kukuza kitu pale uliposimama, na kiwanda cha Dar es Salaam kilirithi fikra hiyohiyo.

Tanuri la mtaa mahali kama hapo lina hesabu nyingine kabisa. Mfuko wa unga wa kilo 50, pamoja na maji yapata lita 29, sukari, mafuta, chumvi na hamira, hutoa kama kilo 85 za donge. Mkate wa nusu kilo hukatwa gramu 560 hivi, kwa kuwa sehemu ya maji hupotea ndani ya tanuri. Mfuko mmoja, basi, ni karibu mikate 150. Ukiokwa usiku na kuuzwa asubuhi, fedha ya mfuko wa kesho iko mkononi kabla ya adhuhuri. Biashara chache huzungusha mtaji kwa kasi hiyo. Ndiyo maana tanuri la mtaa halihitaji mkopo mkubwa. Linahitaji uhakika kwamba mikate 150 ya kesho ina wenyewe.

Uhakika huo ndio mchango wa mtaa, na unakuja kwa sura nyingi. Mama wa chai ya kijiweni anaagiza skonzi zake jioni. Mwenye duka anatanguliza fedha, au anachukua kwa daftari na kulipa mwisho wa juma. Shule inaweka oda. Ramadhani na misimu ya harusi huongeza oda, na mwokaji mwenye busara huajiri mikono ya muda badala ya kununua mashine. Upatu au VICOBA hutoa fedha ya matofali kwa zamu, na wanachama wake ndio haohao wanaokula mkate, hivyo mkopeshaji anajua biashara inakwendaje kila anapokunywa chai. Mkate uliolala, adui mkubwa wa mwokaji, hupungua kwa sababu kinachookwa kimekwisha kuagizwa.

Tanuri lenyewe ni ufundi unaostahili heshima kuliko unaopewa. Udongo wa kichuguu ukichanganywa vizuri hushika joto na haupasuki haraka. Kuni huwashwa ndani hadi kuta zinyonye moto wa kutosha, makaa yakatolewa, sakafu ikapanguswa kwa gunia bichi. Kisha mwokaji hurusha unga kidogo sakafuni: ukiwa mweusi papo hapo, anasubiri, ukigeuka kahawia polepole, anaingiza mikate. Kwa kipimo hicho hajali kama umeme upo.

Mfano wa mbali unaofaa uko Anfield, Liverpool. Duka la mkate la familia ya Mitchell, hatua chache kutoka uwanja wa mpira, lilifungwa mtaa ulipokuwa ukihamishwa kupisha mipango ya ubomoaji. Wakazi waliliokoa na kulifungua tena mwaka 2013 kwa jina la Homebaked, likiwa mali ya ushirika. Walianza na jengo lililokuwepo na mashabiki waliokuwa wakipita mlangoni siku za mechi.

Upanuzi hufuata kanuni hiyohiyo. Tanuri la pili hujengwa pale oda zinapozidi la kwanza miezi mfululizo, si pale mfadhili anapotokea. Mashine ya kukandia donge huja baada ya hapo, na pikipiki ya kusambaza huitangulia mashine, kwani kutoka Mkumbara vitongoji ni vingi na mkate wa saa kumi na mbili hauuziki saa tatu.

Jambo moja mtaa hauwezi kulimaliza peke yake, nalo ni unga. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa nje, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei hadi kwa mwokaji wa mwisho kijijini. Vinu kadhaa vya NMC vilibinafsishwa, na mwokaji mdogo hununua mfuko mmojammoja kwa bei ya rejareja. Waokaji wa Mombo, Mkumbara na Mkomazi wakiagiza pamoja kupitia SACCOS, wananunua kwa tani, na tofauti ya bei kwa kila mfuko inaingia katika mtaji wa matanuri yao.