Mkono Unaoijua Sufu

Morogoro ni mji wa nyuzi. Katani imelimwa kandokando yake tangu enzi za wakoloni, na viwanda vyake vimesokota na kufuma pamba miaka mingi. Sufu haitoki huku. Kondoo wetu wengi wana nywele fupi zisizosokoteka. Hata hivyo wapo mafundi cherehani wa mji huu ambao ukiwapa koti la suti watakwambia thamani yake kabla hawajaitazama lebo. Ujuzi huo wameupata kwenye mitumba, na sijui shule inayoizidi hiyo. Dukani kila kitambaa kipya kinapendeza. Cha mtumba kimeshavaliwa, kimekaliwa na kupigwa pasi miaka. Kama kilikuwa dhaifu, viwiko na makalio vimeshasema.

Mtazame fundi wa namna hiyo akishika koti. Analigeuza, anatafuta bitana ilipofumuka, anakifinya kitambaa ndani ya ngumi, kisha anakiachia. Sufu nzuri hujikunjua yenyewe. Akibaki na shaka, huchomoa uzi mmoja kwenye akiba ya mshono na kuuwasha kwa kiberiti. Sufu hushika moto kwa kusita, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Halafu kuna zile namba za lebo, Super 100, Super 120, Super 150, ambazo wengi huzisoma kama alama za mtihani. Zinapima wembamba wa unyoya, basi. Kwa kanuni za kimataifa za biashara ya sufu, Super 100 isizidi maikroni 18.75, na Super 150 isizidi 16.25. Hazisemi uzi umesokotwa vipi wala kitambaa kimefumwaje. Sufu nyembamba mno ni laini na humlalia mtu vizuri mwilini, lakini huchakaa upesi mapajani. Kwa anayepanda daladala kila siku, mimi ningechagua Super 100 iliyosokotwa kwa nguvu, na nisingejuta.

Tena tuna milima. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Harusi ya mjini mwezi Februari inataka kitambaa cha gramu 250 hivi kwa mita, kilichofumwa wazi: ukikiinua kwenye mwanga unaona vitundu vinavyopitisha hewa. Mwalimu wa Nyandira, kule Mgeta milimani kwenye baridi ya Julai, ataifurahia flaneli nzito ambayo mjini ingekuwa adhabu. Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kuhisi umajimaji, kwa hiyo inafaa kote kuwili, mradi uzito uchaguliwe kwa akili. Ndiyo maana namheshimu fundi ambaye, kabla hajachukua futi, humuuliza mteja, "Utaivalia wapi, kaka, hapa mjini au huko juu?"