Moto Usiogusa Jani

Chai ina wasifiwa wengi: mchumaji na kikapu chake, muonjaji na kijiko chake, hata mama ntilie na birika lake. Mchochea moto wa kiwandani hana wa kumsifu, ilhali mkono wake unaweza kuharibu kazi ya wote hao.

Jani likishasagwa na kuachwa lichachuke mpaka likaiva rangi ya shaba, huingia kwenye mashine ya kukaushia likiwa na maji asilimia 70 hivi. Baada ya takriban dakika 20 hutoka likiwa chenga kavu, limebakiwa na asilimia 3. Hewa ya moto inayolikausha ikipoa, jani linazidi kuchachuka humo humo, chai inadorora. Hewa ikizidi ukali, chenga hukauka ngozi, maji yakafungiwa ndani. Ghalani chai inaota ukungu.

Zamani huko India jani lilikaushwa juu ya makaa. Samuel Davidson, mtu wa Ireland aliyekuwa mkulima wa chai Cachar, hakuridhika na mtindo huo. Akabuni mashine za hewa ya moto, na mwaka 1881 akafungua kiwanda chake Belfast. Akaziita Sirocco, jina la upepo wa joto utokao Sahara.

Uzuri wa tanuri la mashine za namna hii ni utengano. Moshi hupita ndani ya mabomba ya chuma ukielekea kwenye dohani. Feni hupitisha hewa safi nje ya mabomba yale yale, ikabeba joto bila kukutana na moshi. Bomba likitoboka, chai inanuka moshi, na mnadani Mombasa bei inaanguka. (Fujian, China, wapo wanaoifukiza chai kwa msonobari makusudi. Shauri yao.)

Mchochea moto hodari humjui kwa moto mkubwa. Anatia kuni kidogo kidogo, anafunga mlango haraka baridi isiingie, jicho moja kwenye kipimajoto. Gogo bichi la mkaratusi halikubali, kwa kuwa hutumia joto lake kujikausha lenyewe kwanza. Moshi mzito mweusi ukitoka juu, anajua hewa haitoshi kabla msimamizi hajauliza.

Siku hizi viwanda vingi vinachemsha maji na kutumia mvuke kupasha hewa, lakini kuni bado zinatiwa na mtu. Ukizuru kiwanda cha Kericho au Mufindi, usiishie chumba cha kuonjea. Omba upelekwe nyuma ya jengo, ukamwamkie.