Majani Makavu ya Yangambi na Joto la Lubumbashi

Mwezi wa Septemba, kabla mvua haijafika Lubumbashi, miti ya miombo huwa imekwisha kuchipua majani mapya mekundu. Mti hutumia maji uliyoyahifadhi na yale unayoyavuta kutoka chini sana, kisha jani huyaachia angani kupitia stomata, matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mahali pale. Hewa ya ukaa inavyozidi angani, matundu hayo yanafanya nini?

Nadharia ni fupi. Jani hufungua matundu ili livute hewa ya ukaa, na kila likifungua hupoteza maji. Hewa hiyo ikiwa tele, jani hupata riziki yake hata mlango ukiwa umeegeshwa. Mvuke unapungua, ardhi inabaki na joto lake. Mwaka 1996 Piers Sellers, ambaye baadaye alisafiri angani kama mwanaanga wa NASA, na wenzake waliipima athari hiyo kwa kompyuta. Waliongeza hewa ya ukaa maradufu, lakini mara ya kwanza ikagusa mionzi ya joto peke yake, mara nyingine mimea peke yake, kisha vyote pamoja. Katika nchi za tropiki, mimea peke yake iliongeza joto la nchi kavu. Ni hila nzuri, maana porini mambo hayo mawili hayatengani. Ila jani la kompyuta hutii fomula uliyoliwekea.

Jani la kweli lilihojiwa Yangambi, mkoani Tshopo, kwenye hebaria ya INERA, taasisi ya Kongo ya utafiti wa kilimo, ambako majani yaliyokaushwa yametunzwa tangu enzi za Wabelgiji. Mtafiti Marijn Bauters na wenzake walilinganisha majani ya zamani, kuanzia miaka ya 1930, na ya siku hizi, wakatoa matokeo mwaka 2020. Walichunguza stomata ili kujua jani lingeweza kupitisha hewa kiasi gani kwa upeo. Walipima pia kaboni 13, ile kaboni nzito ambayo jani huikwepa likiwa na hewa ya kutosha ndani, na kuipokea zaidi matundu yakibana. Hapa pana mtego: hewa ya leo yenyewe imepungukiwa kaboni 13, kwa sababu petroli na makaa ya mawe vimetokana na viumbe vya kale vilivyokuwa na kaboni hiyo kidogo. Asiyesahihisha hilo atasoma moshi wa viwanda akidhani anasoma jani.

Matokeo yakagawanyika. Upeo wa stomata ulikuwa umeshuka, kama nadharia inavyotaka. Lakini kaboni 13 ilionyesha kwamba ubahili wa maji umepungua badala ya kuongezeka. Kwangu mimi vipimo hivyo havigombani: kimoja chasema mlango unaweza kufunguka kiasi gani, kingine chasema jani lilipokuwa hai lilipata riziki kiasi gani kwa uwazi wa mlango wake. Kinachoingia kwenye hesabu ya joto ni uwazi halisi wa mlango, na huo kaboni 13 peke yake haiutoi, kwa kuwa hutegemea pia kasi ya jani kula hewa ya ukaa.

Je, tuyalete matokeo hayo Katanga, kwenye miombo ya Lubumbashi? Hapana, si hivi hivi. Yangambi hupata mvua karibu mwaka mzima. Lubumbashi hupata milimita 1,200 hivi, na karibu zote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Tena chini ya miombo kuna nyasi ambazo nyingi hukusanya hewa ya ukaa ndani yake kabla ya kuitumia. Nyongeza ya angani haizinufaishi kama inavyoinufaisha miti, na kaboni 13 yake haisomeki kwa kanuni ileile. Na mti ukishakatwa kwa ajili ya makaa, hesabu ya stomata haina kazi tena: mvuke wake umekoma palepale.

Hata hivyo miombo ina kitu ambacho msitu wa mvua mara nyingi haukitoi kwa urahisi. Kiangazi kirefu husimamisha ukuaji, na shina huacha pete ya mwaka. Huko Zambia pete za Brachystegia spiciformis, mti mmojawapo wa miombo, zimekwisha kusomwa na kulinganishwa na mvua. Kwa Katanga ningeanzia hapo: kaboni 13 ipimwe pete kwa pete, iwekwe kando ya rekodi za mvua za Lubumbashi, ili mwaka wa ukame usije ukahesabiwa kuwa kazi ya hewa ya ukaa.