Usiku Usio Dhambi: Picha Mbili za Hiroshige

Utagawa Hiroshige (1797–1858), mchoraji wa Japani, alichora mandhari ambazo mafundi wengine walizichonga katika mbao na kuzichapa kwa rangi juu ya karatasi. Twataka kuzitazama mbili za usiku, kwa kuwa zina neno kwa mhubiri.

Ya kwanza yaonyesha mtaa wa michezo ya kuigiza wa Saruwaka, katika Edo, ambayo leo ni Tokyo. Ilitoka mwaka 1856. Mwezi mpevu wang'aa, na wapita njia wana vivuli, jambo lisilo la kawaida katika picha za aina hii. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini mwezi umekwisha kutueleza kila kitu.

Ya pili ni theluji ya Kambara, katika mfululizo wa barabara ya Tōkaidō wa miaka ya 1830. Nayo twaiona kuwa kuu zaidi. Watu watatu wapita kijijini wameinama, wawili upande huu, mmoja upande ule. Hakuna mwezi wala taa, na bado twaona. Maana weupe wa theluji ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila wino. Giza ndilo lililoongezwa, nalo lafifishwa kwa mkono wa mchapaji. Ndiyo sababu katika baadhi ya nakala limetanda juu angani, na katika nyingine limelala chini.

Hiroshige alikuwa Mbudha, wala hatuna haki ya kumbatiza baada ya kufa. Lakini atuonya. Katika mimbari zetu usiku umekuwa jina jingine la dhambi, ingawa katika Mwanzo 1 Mungu mwenyewe ndiye aliyeupa jina, na Nikodemo alimjia Yesu usiku. Hapa Shume, baridi ya Julai na ukungu vinaposhuka toka msituni, mama anayemwuguza mtoto hadi alfajiri hayumo dhambini. Yumo usiku tu. Tukimhubiria toba, tumemwacha peke yake.

Hata hivyo picha ina upungufu: wasafiri wale hawageukiani. Mchungaji hana ruhusa ya kupita vivyo hivyo. Hana budi kusimama, na kukaa gizani pamoja na mwenye shida, kabla ya kuanza kunena habari za nuru.